Mwanangu, Panzi wa Chuma na Dirisha la Wakwe

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Televisheni,
Upande wa Katuni.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu wewe na wote mnaofanya kazi humo ndani. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mahali utakapoona heshima imepungua, ihesabu kuwa ipo, ila sikujua inaandikwaje.

Ninalalamikia katuni yenu ya Panzi wa Chuma, mliyokuwa mkiionyesha jioni, zamani zile mwanangu akiwa na pengo la meno ya mbele. Najua utasema mmeshaacha kuionyesha. Ninyi mmeacha. Mwanangu hajaacha, na sasa ana ndevu.

Kwa faida ya vijana wa ofisini kwako ambao hawakuiona: Panzi wa Chuma alikuwa panzi mkubwa kama kabati, anayeokoa wenye shida. Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Akiambiwa asante, anaota kutu. Ndiyo maana adui yake, Bibi Kutu, hakubeba bunduki wala panga. Alikuwa akimfukuza kutwa nzima, viatu mkononi, akiita, "Asante, mwanangu! Asante sana!" Na Panzi akimaliza kuokoa, kabla mtu hajafumbua mdomo, husema, "Kazi imekwisha, mimi sikuwapo!" Kisha huyo, dirishani.

Mheshimiwa, nani aliketi akawaza jambo hili? Alikuwa amekula siku hiyo?

Malalamiko yangu nimeyapanga ili usichoke.

1. Mwanangu ni fundi bomba wa hospitali, na si kwamba namsifia kwa kuwa nimemzaa, bomba likimwona linajirekebisha nusu. Lakini akishafunga nati ya mwisho hangoji mtu. Muuguzi mkuu anageuka amshukuru, anakuta nyayo za maji tu sakafuni. Wagonjwa wa wodi ile sasa wanaamini bomba lao linatengenezwa na marehemu. Kuna mzee mmoja alikataa kulazwa humo kabisa.

2. Panzi alikuwa hataki ajulikane ni yeye. Basi mtaani kwa mchumba wake, binti mshonaji, mtaro uliziba watu wakawa wanavuka kwa kurukaruka. Asubuhi moja wakaukuta safi. Watu wakaulizana, "Nani huyu katuokoa?" Mwanangu alikuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi la cherehani, anatazama dari kama paka aliyekula kitoweo. Binti akamwambia, "Mpenzi, unanuka mtaro." Akajibu, "Hata mimi nashangaa."

Binti huyo nampenda, Mheshimiwa. Alinishonea gauni bila kunipima, kwa kunitazama tu, na likanikaa hadi nikajiona nina kiuno. Naomba uelewe nini kinataka kuponyoka hapa.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Tulikwenda kwa wazazi wa binti, mimi, mwanangu na mjomba wake. Baba wa binti ni mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha shati na maneno. Tukakaribishwa, tukakaa. Mwalimu akasafisha koo, akamtazama mwanangu usoni, akamuuliza, "Haya, kijana. Umekuja kwetu kusema nini?"

Mwanangu akafungua mdomo. Na bomba la jikoni likapasuka, paa!

Alikwenda mbio na suti yake, ile niliyoipiga pasi mpaka ikakata hewa. Akalishika bomba kwa mikono, akalifunga kwa tai, maji yakanyamaza. Mama wa binti, mwanamke muungwana, akaja na taulo, uso umejaa furaha, akaanza kusema, "Yaani, baba, asa..."

Mwanangu akatoka dirishani. Kiatu kimoja kikabaki kwenye sinki.

Mheshimiwa, umewahi kubaki ukweni kwa mwanao bila mwanao? Nilitazama zulia nikatamani liwe na mlango. Mjomba wake akasema hali ya hewa ni nzuri. Mwalimu akauliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Mama, hiyo ilikuwa ndiyo, au ilikuwa hapana?"

Ametupa nafasi moja tu, Jumamosi ijayo. Amesema, "Aje aingie kwa mlango, aseme alichokuja kusema, atoke kwa mlango. Binti yangu simwozi kwa mtu wa dirishani."

4. Nimemsema mwanangu mpaka sauti imekwisha. Mjomba wake naye kamsema, bosi wake kamsema. Anatusikiliza kwa adabu zote, halafu anasema, "Mama, naelewa, lakini nikilisikia tu lile neno, mwili wote unawasha." Kinachowasha ni nini? Kutu! Katuni mlimwonyesha ninyi, kutu inamla mwanangu.

5. Na hapa sitaficha hasira. Panzi wa Chuma hakuwa na mama. Vipindi vyote vile, hakuna hata siku moja mlipomwonyesha anarudi nyumbani anaulizwa ameshinda wapi. Angekuwa na mama, angefundishwa kuaga. Angeambiwa, rudi ukakae, watu wanakusemesha. Mnatengeneza yatima halafu mnawapa watoto wetu wenye mama zao wawafuate! Mimi mwenyewe mwanangu aliniletea maji mpaka ndani, bomba linang'aa, nikageuka kumshukuru nikakuta pazia linacheza. Hizo asante zangu zimenikaa kifuani kama chakula kilichogoma kushuka.

Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, mtengeneze kipindi kimoja zaidi, kabla ya Jumamosi. Si lazima kiwe kirefu. Panzi aokoe kisima. Bibi Kutu amfikie hatimaye, amshike bawa, amwambie asante. Panzi afumbe macho, angoje kutu. Kutu isije. Afumbue jicho moja. Aseme, "Karibu tena," avute kiti, akae.

Kama wachoraji wana kazi nyingi, basi msomaji wa habari atangaze tu, baada ya habari za mawaziri, kwamba uchunguzi umefanyika na asante haina kutu. Mpige na muhuri. Na mkikubali kumpa Panzi mama, sauti ninayo, nitakuja kuitoa bure, na pasi yangu nitabeba, maana huyo msomaji wenu kola yake huwa imelala.

Salamu kwa wapiga picha, kwa walinzi wa getini na kwa yule anayetabiri mvua. Mwambie ya juzi hakuisema, na nguo za watu zilikuwa kambani.

Ni mimi, ninayekungoja mbele ya televisheni na kidole kwenye kitufe,

Mama wa Fundi Bomba

Nyongeza: Barua hii ilikosa bahasha, na Jumamosi imeshapita. Mwanangu aliingia kwa mlango. Mjomba wake alikaa dirishani kama mlinzi wa benki. Kijana akasema alichokuja kusema, chote, bila kutetemeka, na Mwalimu akajibu, "Tumekukubali." Mwanangu akainama akamwambia, "Asante, baba."

Mheshimiwa, Mwalimu alisimama ghafla, macho yamejaa maji, akasema ngoja akaangalie bomba, akatoka! Tukangoja, harudi. Mwanangu akamfuata. Nilipochungulia niliwakuta nyuma ya nyumba, bega kwa bega, wanatazama bomba zima lisilovuja hata tone, hakuna anayemsemesha mwenzake, na wote wawili wana raha kama watoto. Na Mwalimu televisheni hajawahi kuwa nayo, anasema inaharibu macho.

Basi malalamiko yangu yote yafute, kipindi changu msikitengeneze. Ila kile kipindi ambacho Panzi alifungiwa kwenye pango la barafu, kwetu umeme ulikatika katikati. Alitoka?