Barua ya Daraja Ilivyopanda na Kushuka

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeficha mambo mawili kwa karibu miaka arobaini. La kwanza naliandika leo, maana daktari amesema moyo umechoka na niache chumvi. Sikuwahi kuwa mshauri wa waziri. Nilikuwa karani wa masijala. Nilipokea barua, nikazigonga muhuri, nikazitia kwenye majalada na kuyapeleka mezani kwa wakubwa. Waziri alinisemesha mara moja tu, siku yake ya kwanza kazini. Aliuliza choo kiko wapi.

Hapa kijijini wananiita Mshauri. Sijawasahihisha.

La pili bado.

Jumatano, 5 Machi

Mkutano wa kijiji. Ajenda ni daraja, kama kila mwaka. Tunavuka mto kwa magogo mawili. Mvua ikishika, tangawizi inaozea ng'ambo. Raheli, mke wa Sadock, anaishi huko huko ng'ambo na miguu imemvimba. Hajafika kanisani tangu Krismasi.

Sadock ndiye mwenyekiti wa kamati ya daraja. Akasema tumalize kwanza kukusanya mawe, kisha ombi liende kata, halafu halmashauri. Mawe! Nikasimama na fimbo yangu. Nikasema serikali naijua mimi: mkubwa akitamka, wadogo wanakimbia. Nitaandika juu kabisa. Makofi. Binti yangu Fortunata alinivuta koti nikae.

Barua imefika kurasa tatu. Nimeeleza kwamba kamati inaongozwa na mzee mzembe, na kwamba Devotha, Mtendaji wa Kijiji, anamwogopa. Nimependekeza pia kibao cha saruji chenye jina langu. Fortunata amezipiga picha na kuzituma kwa barua pepe, huku akiguna.

Mpango ni huu: daraja likisimama kabla sijafa, lile jambo la pili halitakuwa na haja ya kusemwa.

Ijumaa, 28 Machi

Majibu! Siku ishirini na tatu tu! Enzi zangu ingelala mwaka mzima.

Devotha aliileta habari mwenyewe. Shikamoo babu, marahaba, kisha akanisomea yaliyoandikwa pembeni mwa barua yangu. Huko juu kabisa wameandika: Wizara, kwa hatua zako. Wizara wakaandika: Mkoa, kwa hatua zako. Mkoa wakaipa Wilaya, Wilaya wakaipa Halmashauri, Halmashauri wakaipa Kata, Kata wakampa Mtendaji wa Kijiji. Naye Devotha ameshaikabidhi kwa kamati ya daraja, iishughulikie na kutoa taarifa.

Yaani kwa Sadock.

Mimi! Niliyapitisha majalada yenye maneno hayo hayo miaka ishirini na sita. Nilijua kila lalamiko hushuka ngazi kwa ngazi mpaka limfikie anayelalamikiwa. Nilijua, nikasahau, kwa sababu safari hii lalamiko lilikuwa langu.

Jumamosi, 29 Machi

Sadock amekuja. Matope mpaka magotini, barua yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Akanywa chai. Akasema amemsomea Raheli, na walipofika penye "mzee mzembe" Raheli alicheka mpaka akapaliwa.

Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kuhusu barua ya mwaka 1987. Wakati ule alikuwa mwenyekiti wa kijiji, akaandika kuomba daraja hili hili, kwenye wizara niliyofanyia kazi. Alitaka kujua ile ilishukia kwa nani.

Nilisema serikali ni kubwa. Nilisema karatasi nyingi zilipotea wakati wa kuhamia Dodoma. Nilisema mshauri hashughuliki na barua ndogondogo.

"Aminieli, acha," alisema. "Nilijua siku zote kwamba wewe ni karani. Ndiyo maana nilikutaja ndani ya barua ile. Waziri hajui faili liko wapi. Karani anajua."

Aliaga. Nilimtazama kutoka dirishani akivuka magogo kwa makalio, mzee wa miaka themanini na mbili.

Jumapili, 30 Machi

Leo nimekiri. Kwa maandishi, kama inavyotakiwa. Kwa: Mzee Sadock. Kupitia: Mtendaji wa Kijiji. Kupitia: Mwinjilisti Gideoni. Kupitia: Fortunata. Juu nimeandika SIRI, ifunguliwe baada ya mazishi yangu.

Fortunata aliuliza kwa nini nisimwambie kwa mdomo, wakati leo kanisani tulikaa naye benchi moja. Nikamjibu kwamba mambo yana ngazi zake.

Bahasha nimeiweka chini ya godoro, juu ya ile nyingine.

Ile nyingine ni barua ya Sadock ya mwaka 1987. Haikupotea. Mstari wa mwisho unasema: "Karani wetu Aminieli atakukumbusha, Mheshimiwa." Nami nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba mimi ni mshauri. Neno lile, karani, lilinichoma. Niliikunja mara nne, nikaitia mfukoni, nikaenda nayo nyumbani. Waziri hakuiona.