Kava la Zambarau la Gody

Pale kijiweni Kabasa kahawa ilitupoea mikononi. Gody, kijana wetu anayeimba muziki wa kompyuta, alikuwa ametutumia kava la albamu yake ya kwanza: uso wa zambarau, macho meupe hayana mboni, kichwa kinaelea juu ya pembetatu inayowaka pinki.

"Hii ni nyongo imepasuka," akasema Injini, fundi pikipiki. "Ng'ombe wetu alikuwaga na macho hayo. Hakufika jioni."

"Siyo ugonjwa, ni staili!" Gody akang'aka. "Kava za elektro-popu ndivyo zinakuwaga. Taa za rangi, hucheki, hutazami kamera."

"Humtazami mteja, halafu anunue?" akauliza Thadeo, tunayemwita Wakili maana hata salamu anaikatia rufaa. "Na jina lako liko wapi?"

"Hilo hapo konani."

"Kumbe! Nikadhani sisimizi."

Gody akanywea. "Hata mama haniongeleshi tangu alione. Ugali ananipitishiaga dirishani."

Hapo tukamhurumia. Wakili akamvalisha suti yake, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, maua pembeni, akatabasamu. Injini akapiga picha. Wakili akaandika jina zima kwa herufi kubwa, na chini yake mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka huu. "Wajue safari imeanzia wapi," akasema. Tukairusha kwenye magrupu yote.

Kesho yake asubuhi bodaboda ikafunga breki mbele yetu. Shangazi yake Gody, Ghati wa Kiabakari, akashuka na sufuria ya msibani, anapiga yowe: "Godyyy! Umeniachia nani?"

Gody akasimama, kikombe mkononi. "Shikamoo, shangazi."

Sufuria ikadondoka. Injini, anayejigambaga haogopi hata kiboko, akajibanza nyuma ya Wakili. Shangazi akamminya Gody mashavu, akamvuta masikio, akahakikisha yana joto.

"Nani katengeneza picha ile?"

Sote tukatazama barabara.

"Walisema ni ya kistaarabu, shangazi."

"Marehemu wote ni wastaarabu! Rudisha ile ya zambarau. Ile angalau tulijua unaumwa tu." Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Na huo muziki uko wapi? Sijatoka Kiabakari kulia bure."

Gody akabonyeza simu. Mdundo ukaanza. Shangazi akasikiliza, amekunja uso. Akafunga kitenge upya, mabega yakaanza kutikisika.

"Ongeza sauti, marehemu," akasema.