Uzi Mwekundu Kwenye Sufuria ya Barbora

"Jamani, serikali inatunga sheria! Kisa kile kitabu! Nchi nzima haikaliki!"

Zigmas aliyasema hayo akiwa bado mlangoni, gazeti mkononi, kofia imemkaa upande.

"Funga mlango kwanza," akasema Feliksas kutoka nyuma ya kaunta. "Nzi wanaingia, wanakula matango yangu, halafu hata bia hawanunui."

"Na wewe Povu, watu wanaongea mambo ya taifa, wewe unaongea nzi!"

Zigmas walimwita Gazeti, kwa sababu pale kijiweni ni yeye tu aliyeweza kusoma Kiingereza, na pale asipoweza alijazia mwenyewe. Feliksas walimwita Povu, na aliyewahi kunywa bia yake haulizi sababu. Kwenye benchi la nyuma walikuwa wamejipanga wengine watatu: Pranas, aliyeitwa Jogoo kwa kujisifu; Baltrus, aliyeitwa Askofu kwa kuwa aliimba kanisani kwa sauti ya malaika, na akitoka nje hutukana kwa sauti ile ile; na kule kwenye kona, Anicetas, ambaye walimwita Bubu. Hao watatu na Gazeti walipanga chumba ghorofani kwa Mama Barbora, wote walifanya kazi machinjio moja hapa Marekani, na wote, Jumapili hiyo baada ya misa, walikuwa wanangoja sufuria iteremke. Huko juu hapakuwa na meza ya kulia, maana iliyokuwepo ilikuwa na mtu wa zamu ya usiku amelala juu yake.

"Haya, soma," Jogoo akasema. "Sheria ya nini? Wanatuongezea ujira?"

"Sheria ya nyama."

"Nyama imefanya nini?"

"Nyama imeandikwa, bwana! Yule mwandishi aliyekuja kiangazi kile, na kofia ya kuazima, anajifanya kibarua, si ameandika riwaya? Ameandika kila kitu. Panya, mate, zile nyama zilizooza zinazopakwa dawa zikarudi ujanani. Hapa gazeti linasema mke wa tajiri mmoja wa New York amesoma akalia mpaka akaugua."

"Maskini mama wa watu," Askofu akasema, mkono kifuani. "Ametulilia sisi, wana wa Lithuania."

"Ameililia soseji aliyokula Jumanne."

Benchi likacheka. Anicetas hakucheka. Tangu kitabu kilipotoka, kila mlango ulipofunguliwa aligeuka kutazama nani anaingia.

"Na hiyo sheria," Jogoo akauliza, "sisi inatutaja wapi?"

Gazeti akapitisha kidole kwenye safu, akarudi juu, akashuka tena. "Hapa. Mchinjaji anawe mikono."

"Basi?"

"Basi."

"Mama yangu! Mtu anakatwa kidole mle ndani, kidole kinaingia kwenye kopo, na nchi nzima inauliza kama kidole kilinawishwa!"

"Usipandishe, Jogoo, presha," Askofu akasema. "Hicho kitabu chenyewe unacho, Gazeti? Au unatupiga kamba?"

Gazeti akachomoa kitabu chini ya koti, kimefungwa kwa kitambaa kama mkate. Akasoma na kutafsiri papo hapo, huku akilamba kidole kila ukurasa. Kulikuwa na mtu humo ndani, akasema, kibarua wa Kilithuania, jitu refu la mabega mapana, lenye nguvu za fahali, na wanawake wakimwona hupoteza njia.

"Huyo ni mimi," Jogoo akasema hapo hapo.

"Ameandika mrefu."

"Mimi si mrefu?"

"Wewe ukitaka kumsalimia Mama Barbora unapanda ngazi!"

"Urefu ni wa moyoni. Mwandishi aliniona nafanya kazi, akanitazama hivi, nikajua tu huyu anachukua sura yangu."

"Endelea, Gazeti," Askofu akasema. "Haimbi huyo mtu?"

"Anaimba. Sauti nzito, ya huzuni."

"Haya! Sasa Jogoo ataimba nini, kokoriko? Huyo ni mimi. Niandikie jina pembeni na kalamu."

Wakaanza kugombea, huyu anadai mabega, yule anadai sauti, mpaka Povu naye akadai kwamba baa iliyomo kitabuni ni yake na bia yake imesifiwa. Gazeti akamwambia mstari wenyewe unasema bia ilikuwa hewa tupu, na Povu akasema hiyo ni lugha ya kishairi.

"Tulieni, hapa kuna kioja," Gazeti akasema. "Sikilizeni. 'Kila Jumapili huyu mtu aliifunga nyama yake uzi mwekundu kabla ya kuitia chunguni. Ni dua ya kale ya kabila lake, ya kuomba mavuno.'"

Kisha Askofu akaangukia meza, Jogoo akapiga magoti yake kwa ngumi, na machozi yakamtoka.

"Dua!"

"Ya mavuno!"

"Jamani, dua ya kumkinga Jogoo!"

Maana kila mpangaji wa Mama Barbora alijinunulia nyama yake, lakini sufuria ilikuwa moja. Ili mtu asije akala cha mwenziwe kwa bahati mbaya, na kwa Jogoo bahati mbaya ilikuwa haikosi wiki, kila mmoja alifunga pande lake kwa uzi wake. Jogoo alifunga uzi wa gunia, Askofu uzi mweupe, Gazeti uzi wa manjano. Na mwekundu?

Kicheko kilikatika kipande kipande. Macho yakahamia kwenye kona.

"Bubu," Gazeti akasema taratibu, "uzi mwekundu si wako?"

Anicetas akanyoosha kidole, akajionyesha mwenyewe.

Povu akaacha kufuta glasi. "Ngoja kwanza. Hilo la uzi mwekundu nimelisikia jana. Nyapara Corrigan, yule Mwairishi, alipita hapa. Akaniuliza, nani kati ya watu wako anafunga nyama uzi mwekundu? Mimi nikadhani ni mambo ya mapishi. Akasema leo akitoka kanisani kwao atakuja aone mwenyewe, wakubwa wamesoma kitabu, wanamtaka mtu aliyemwaga siri."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia sufuria hushuka hapa baada ya misa."

"Povu!"

"Si aliniuliza! Mimi nilijua anataka kula?"

Mambo yakageuka kufumba na kufumbua. Jogoo akakunja mabega. "Mimi, jamani, ni mfupi. Kila mtu anajua. Mabega yenyewe haya hapa, kama ya kuku."

"Na mimi sauti yangu ni nyembamba kabisa," Askofu akasema, kwa besi.

Anicetas aliwasikia kwa mbali. Alikuwa anamwona Monika, mkewe, amekaa kwenye sitaha ya meli na watoto wawili na mafurushi, anakuja Marekani kwa mume mwenye kazi. Meli ilikuwa imeshang'oa nanga. Haingewezekana kumwambia ageuze. Akifika akute mume wake amefukuzwa, na jina lake limeshatangazwa kwenye kila lango la machinjio, watakula nini na watalala wapi?

Hapo ndipo Mama Barbora aliposhuka ngazi na sufuria, mwanamke mpana, aso na haraka. Akawatazama mmoja mmoja.

"Nani amekufa?"

Wakamweleza wote kwa pamoja, kila mmoja na toleo lake. Akafunua mfuniko, akazitazama nyama nne na nyuzi zake zikielea kwenye mchuzi mweupe.

"Ibada ya Waairishi inaisha saa ngapi?"

"Padri wao akianza kuhubiri hajui kushuka," Askofu akasema. "Muda upo."

"Basi chakula hakijaiva," Mama Barbora akasema, akaibeba sufuria akarudi nayo juu.

"Mama, tuzikate tu hizo nyuzi!" Gazeti akamwita.

"Zikikatwa, Jogoo atakula nyama zote nne. Kaeni."

Wakakaa. Walisikia kisu kikigonga ubao huko juu, na mtu wa zamu ya usiku akilalamika mezani pake. Baada ya muda sufuria ikashuka tena, na Mama Barbora hajaitua vizuri mlango ukafunguliwa.

Nyapara Corrigan alikuwa amevaa suti ya kanisani, na shingo imekabwa na kola. Akasema maneno mengi. Pale kwenye benchi neno moja tu la Kiingereza ndilo lililojulikana na wote, nalo ni "haraka", kwa hiyo wakamgeukia Gazeti.

"Anasema Jumapili njema."

"Maneno yote hayo?"

"Anasema Jumapili njema, na fungueni sufuria."

Mama Barbora akafunua. Mvuke ukapanda, harufu ya siki na bizari ikajaa chumba. Corrigan akainama. Mchuzi ulikuwa mwekundu kama gauni la sherehe, bitiruti za nyumba nzima zimemalizikia mle ndani. Akachukua uma, akainua pande la kwanza. Uzi mwekundu. La pili, uzi mwekundu. La tatu na la nne, vivyo hivyo, hata ule wa gunia umelewa rangi.

Corrigan akasimama wima, akauliza kwa ukali.

"Anauliza, la nani hili?"

Jogoo ndiye aliyeanza. Pengine ilikuwa ushujaa, pengine ni kwamba uma wa Corrigan ulikuwa umeshika lile kubwa.

"Langu."

"Langu pia," Askofu akasema.

"Mwambie na mimi langu," Gazeti akasema, halafu akakumbuka ni yeye anayetafsiri, akamwambia mwenyewe kwa Kiingereza.

Anicetas akafungua mdomo. "Langu."

"Anauliza, hii dua mnaisali wote?"

"Mwambie wote," Mama Barbora akasema. "Mwambie na leo ni siku yake, na mgeni akiingia dua ikiwa mezani haondoki bila kula. Ni mwiko kwetu."

Hapakuwa na mwiko kama huo Lithuania nzima. Gazeti akautafsiri kwa uso wa padri. Mama Barbora akakata kipande kinono, akaweka kwenye sahani, akamsogezea nyapara chini ya pua. Corrigan akaitazama ile nyama. Akauliza kitu, safari hii kwa sauti ndogo.

"Anauliza nyama imenunuliwa wapi."

"Mwambie ni ya kwetu," Jogoo akasema, anatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Ya machinjioni. Ya upande wake kabisa, anaousimamia yeye."

Nyapara akarudi hatua. Akajipapasa tumbo, akasema neno, akavaa kofia yake kinyumenyume, na mlango ukamfuata.

"Amesemaje?"

"Amesema ameshiba."

Wakacheka mpaka mtu wa zamu ya usiku akapiga teke dari la Povu. Anicetas naye alicheka. Aliwapenda wote wakati ule, hata Povu.

Kisha wakakaa kula, na wote wakatazama sufuriani, na kicheko kikaisha.

"Sasa," Gazeti akasema, "la kwangu ni lipi?"

Vichwa vinne vikainama, uma nne zikatua kwenye lile pande kubwa.

"Toeni mikono, hilo ni la Bubu," Askofu akasema, bila kuutoa wa kwake.

"La Bubu kivipi?" Jogoo akang'aka. "Nimemwambia nyapara mbele ya mashahidi kwamba hili ni langu. Mnataka nionekane mwongo siku ya Jumapili? Na wewe Bubu, hebu tuambie. Hapa mezani hata chumvi huiombi, unanyoosha kidole. Huyo mwandishi alikupa nini mpaka ukamwaga yote?"

"Hakunipa kitu."

"Kumbe?"

Anicetas akaitazama nyama. "Aliniuliza kaka yangu alikuwa anaitwa nani."

Uma wa Jogoo ukasimama. Walijua kulikuwa na kaka. Walijua alijikata na kisu, jeraha likaingia sumu, akafa kabla Anicetas hajahamia kwa Mama Barbora. Walishampa pole, na siku moja wakamnywesha. Lakini jina hakuna aliyeuliza.

"Na mle kitabuni," Anicetas akasema, "amemwita nani?"

Gazeti akafungua, akatafuta muda mrefu, akalamba kidole bila kugeuza ukurasa. Mara hii hakujazia.

"Amemwita 'mgeni mmoja'. Mistari miwili. Baada yake ni soseji."

Anicetas akatikisa kichwa. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, ya kumfanya atake kukitupa kitabu sufuriani.

Jogoo akakohoa. Akalikata lile pande, akajiwekea kona moja, maana ni Jogoo, na lililobaki akalisukuma kwenye sahani ya mwenziwe.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Leonas."

"Leonas," Askofu akarudia, akavua kofia.

"Alikuwaje? Kama wewe, haongei?" Jogoo akauliza.

"Nani, Leonas? Leonas alikuwa mropokaji, angekutambia mpaka wewe Jogoo ukaenda kulala." Na Anicetas akaanza kusimulia, mwanzo neno moja moja, halafu yakafuatana: jinsi Leonas alivyomwiba farasi wa padri ili akacheze ngoma kijiji cha pili, na farasi akarudi peke yake kanisani katikati ya misa. Mchuzi ukapoa. Mama Barbora akasahau kupanda juu.

Povu akaja kuuliza nani anaongeza bia. Hakuna aliyemsikia. Akasimama kidogo, akavuta kiti, akajimiminia moja ya kwake, akakaa asikilize. Na ile ya kwake, wote waliona, haikuwa na povu.