Mrija Usiohitaji Chungu

Wiston wa Biharamulo alikuwa na mpenzi mmoja tu duniani, naye aliitwa Jovitha. Jovitha alikuwa pikipiki. Nyekundu, honi ya kuamsha maiti, na Wiston alimfuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Sasa niambie, mtu anayependa hivyo anawezaje kumbadilisha mpenzi wake kwa boksi la sigara za umeme? Alimbadilisha. Tamaa mbele, mauti nyuma, na katikati alisimama Ngeleja, mwenye boksi.

"Ukimtaka tena, niletee mtamba, ng'ombe jike asiyezaa bado," Ngeleja alimwambia, akiwa ameshamkalia Jovitha. "Jumapili jioni ikifika bila mtamba, nampaka rangi ya kijani."

"Kijani!" Wiston nusura azimie.

Akashuka kijijini Nyamiaga, boksi begani, machozi yakimlengalenga, akitafuta wajinga. Hakuhangaika sana. Jioni ileile alimkuta mchungaji akiwakataza vijana wa kwaya kutafuna bablishi kanisani. Wiston akatazama midomo yao. Waliokuwa hawatafuni walikuwa wakitafuta. Kumbe! Kitu kikishakatazwa, mwenye duka hana haja ya kupiga kelele.

Kesho yake akasimama njiani wanakopita kwenda mazoezi, akavuta, akapuliza wingu la stroberi. Habonimana, besi wa kwaya, kijana wa kidato cha tatu mwenye ndevu chache anazozikagua kila asubuhi, akasimama.

"Kaka, hiyo nini?"

"Vepu. Pita, mdogo wangu. Si ya watoto."

"Mtoto nani?"

"Samahani, nimekosea. Ila mama yako akijua..."

"Mama hanipangii!" alisema Habonimana, huku akigeuka kuangalia kama mama haji.

Basi soko likafunguka. Vijana hawakuwa na pesa, lakini makwao kulikuwa na kuku. Chumba alichopanga Wiston kikajaa kuku, pamoja na jogoo mmoja mwenye kiburi aliyechukua kitanda, na Wiston akaanza kumwona mtamba ndotoni. Ungewauliza wale vijana kwa nini wanavuta, mmoja angesema ladha, mwingine mawazo ya mtihani. Uongo mtupu. Habonimana alivuta ili awe mtu mzima, na wengine walivuta kwa sababu Habonimana anavuta.

Keza hakuvuta. Si kwamba alikuwa malaika, la hasha, ila alikuwa kiongozi wa kwaya, na Jumapili walikuwa na mashindano kijiji cha Kaniha. Wimbo wao uliishia kwa sauti moja ndefu ya Habonimana, ndefu mpaka watu wasimame. Ijumaa Habonimana aliijaribu, akaishia njiani akikohoa.

"Habo, pumzi imekwenda wapi?"

"Vumbi tu."

"Vumbi gani linanukia stroberi?"

Keza aliumia. Mwaka mzima walikuwa wameusubiri wimbo ule. Kuhubiri hakukusaidia, mchungaji alihubiri Alhamisi, na jioni yake kuku wengine wakahama makwao. Kwa hiyo akaenda kwa Wiston mwenyewe.

"Shikamoo, kaka Wiston."

"Marahaba, mrembo. Nikupe ya embe?"

"Mimi nakuonea huruma tu. Unahangaika na wenye kuku, kumbe wenye ng'ombe wapo."

Wiston akamsukuma jogoo, akampa mgeni nafasi. "Nani ana ng'ombe?"

"Bibi yangu, Leonsia. Ana mtamba. Kesho wazee wanakunywa kwake."

"Wazee nitawaambia nini? Wataniuliza inachajiwa wapi."

"Waambie ni mrija."

Wiston akamtazama binti yule kwa heshima. Akili nyingi namna hii, akawaza, zinapotea bure kwenye kwaya.

Hapo inabidi nikueleze kitu. Kwa Bibi Leonsia pombe ya ndizi haimiminwi kwenye glasi. Chungu hukaa katikati, wazee wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wa tete. Wanaokaa pamoja na mirija ni rika moja: wanataniana, wanachangiana, wanazikana. Mtoto hasogei.

Jumamosi Wiston akafika na boksi zima, akagawa vepu kwa kila mzee, waonje bure. "Wazee wangu, shikamooni! Huu ni mrija wa kisasa. Hauhitaji chungu!"

"Rakini mbona hautoi pombe?" aliuliza Mzee Leonidasi, akiukung'uta.

"Unatoa raha, mzee. Vuta tu."

Bibi Leonsia akavuta, mashavu yakamjaa, akapuliza wingu lililofunika wenzake watatu. Wakati huohuo Keza akaingia uani na kwaya yake yote, eti wamekuja kuomba baraka za safari. Habonimana alikuwa mbele, vepu ikichungulia mfukoni.

"Habonimana!" Bibi akapiga vigelegele. "Kumbe nawe una mrija? Njoo ukae, rika letu!"

"Shikamoo, Bi..."

"Shikamoo ya nini? Sisi ni rika moja. Niite Leonsia."

Kijana akahisi ardhi inamkataa. Mzee Leonidasi akamsogezea benchi kwa upendo. "Kaa, mwenzangu. Goti lako nalo linauma asubuhi? Litauma tu. Jumatatu tuna kesi ya mpaka wa shamba, utasema wewe. Halafu uje upimwe, mbao za majeneza yetu tunanunua pamoja."

"Majeneza?"

"Sasa umri huu tunasubiri nini?"

Nyuma yake kwaya ikaanza kucheka, kwanza soprano, kisha wote. Bibi Leonsia akawapulizia wingu jingine. "Na nyie wengine mnaficha nini mifukoni? Njooni, wazee wenzangu!"

Weee! Kicheko kikakatika. Vepu zikatoka mifukoni kwa aibu, zikamrudia Wiston mikononi.

"Kaka, shika. Nipe kuku wangu."

"Mali ikishauzwa hairudi!"

Angeshinda ubishi ule, maana mdomo alikuwa nao. Lakini Mzee Leonidasi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona mrija usiochovywa, aliona amevumilia vya kutosha. Akautumbukiza wake chunguni. Wazee wenzake wakatumbukiza yao. Chungu kikatoa mapovu, kikanuka stroberi na betri.

"Nani alisema huu ni mrija?" Bibi Leonsia aliuliza polepole.

"Ni mimi, Bibi, lakini..."

"Hapa kwangu, mwenye mrija mbovu ndiye mwenye chungu. Utatupikia kingine, na kuku wa watu warudi makwao."

"Na mtamba?"

"Yupo. Utamlisha maganda."

Jumapili alfajiri, kwaya ikisubiri gari, Keza alimshika bibi yake mkono. "Bibi, jana ulivuta kweli?"

"Moshi niliushikia shavuni tu, nikapuliza. Babu yako alikuwa na besi kama ya yule kijana wenu. Kiko kilimmaliza sauti kabla ya kummaliza yeye." Bibi akamfungia mjukuu kilemba vizuri. "Bado namkumbuka. Nendeni mkaimbe."

Kaniha hawakushinda, wenyeji walikuwa na kinanda kipya. Lakini jioni, gari likiwa bado halijaonekana, Nyamiaga nzima iliisikia sauti ya Habonimana ikija kwa mbali, nzito, isiyokatika. Bibi Leonsia akaacha kuchambua maharage mpaka ilipokwisha.

Wiston naye aliisikia, akiwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, suruali imekunjwa magotini, akikanyaga ndizi na nyasi. Kuku wote walikuwa wamesharudi makwao. Mtamba alimtazama, akitafuna. Nyuma ya gari la kwaya ikatokea pikipiki ya kijani kama jani la mgomba.

"Jovitha," alinong'ona Wiston.

"Rangi ilikuwa ya ofa, nikaona nisisubiri," alisema Ngeleja, akishuka. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga boksi jipya. "Nimesikia umejaza chumba kuku. Nami nimeleta mzigo wangu. Hebu niambie, kaka, hapa soko ni la nani?"

Wiston akamtazama Jovitha. Akamtazama Bibi Leonsia, aliyekuwa akiweka chungu kipya mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu jana, akatabasamu.

"Achana na watoto," alisema. "Wenye ng'ombe ni wazee. Waambie ni mrija."

Kisha akasogea pembeni kidogo mle mtumbwini, akamwachia nafasi.