Ombi la Kumfutia Susana Ugonjwa wa Wavulana

Vudee, Same

Kwako Daktari Hedwiga,

Salamu kutoka huku juu, ambako ukungu haujaondoka tangu Jumapili, na sisi hatujambo. Nakuandikia kwa heshima na taadhima kulalamika kwamba nilikuletea mgonjwa mmoja, ukanirudishia wawili.

Niliyemleta ni Vitus, wa darasa la nne, aliyepanda juu ya paa la shule wakati wa hesabu. Ulisema ana tatizo la umakini, si utundu. Tulipokea vizuri, hata mchungaji alimwombea kanisani. Lakini dada yake, Susana, alikuja kumshikia sweta tu. Ukamuuliza maswali mawili matatu, ukasema naye analo, tena la siku nyingi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Susana hajawahi kupanda paa. Yeye hukaa kimya, anaangalia dirishani mpaka kengele ilie. Mtoto asiyemsumbua mwalimu anaumwaje?

2. Kusahau kwa Vitus ni ugonjwa. Kusahau kwa Susana kuna jina lake, uzembe, na dawa yake tunayo: fimbo, na kurudishwa mtoni kufuata ndoo aliyoiacha. Tumemtibu hivyo tangu darasa la kwanza. Kwamba hajapona ni ukaidi wake.

3. Vitus ataoa, mkewe atamkumbusha mambo. Susana akiwa mgonjwa, mumewe atakumbushwa na nani?

4. Hili ndilo zito. Tulipokuwa tukipanda mlima kurudi nyumbani, Susana alilia, kisha akasema, "Baba, kumbe mimi si mjinga." Tangu siku hiyo anauliza alikuwa akichapwa kwa kosa gani. Hukunipa jibu la kumpa.

Kwa hiyo naomba umfutie ugonjwa huo. Ukiona ni hasara kuutupa, mwongezee Vitus. Yeye ni mwanamume, ataubeba.

Wasalimie wauguzi wote, pamoja na mlinzi aliyemshusha Vitus kwenye mti wenu.

Ni mimi mwenye masikitiko,
Tumainieli, Baba Vitus

N.B. Nimemsomea mama yao, Faustina, barua hii ili anisifu. Badala yake ameniambia kwamba yeye aliacha shule darasa la tano kwa sababu ya viboko. Mwalimu alikuwa akimwita, yeye hasikii, na hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa ameenda wapi. Ameniuliza kama mnapokea watu wazima. Tafadhali tuwekee nafasi mbili Jumanne, yake na ya Susana. Vitus atabaki nyumbani kupika.