Wiki Aliyopimwa Subira

Jumatatu, 3 Julai

Likizo imekubaliwa. Wiki tatu, mke wangu na mimi kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuoane. Yeye anafundisha darasa la nne na shule imefunga kwa kiangazi. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya maji, natunza majalada, na bosi kasaini fomu yangu bila kuisoma. Tunakwenda kwa dada yake mkubwa, kilomita elfu moja na mia mbili, kwa gari. Nilimwahidi safari hii siku ya posa. Miaka kumi na sita iliyopita. Nimeiahirisha mara kumi na tano, kila mara kwa sababu nzuri.

Bahati mbaya shemeji alikuwepo mezani. Huyu ni mdogo wake wa kiume mke wangu, muuza magodoro, na mwezi uliopita kanunua gari kubwa jeupe ambalo mlango wake wa nyuma unajifunga wenyewe. Kasema, huku akijipakulia mara ya tatu, kwamba safari ndefu hivi si ya kwenda na mkweche. Twende na lake. Yeye ataendesha. Mimi nitakaa nyuma na mama mkwe, nimshikie kikapu.

Mkweche! Subira si mkweche. Subira ana umri wa heshima. Nilimnunua wiki aliyozaliwa binti yetu, na binti kaletwa nyumbani kutoka hospitali ndani yake. Jina kalitoa mke wangu mwenyewe, kwa sababu ukishazungusha ufunguo inabidi ungoje kidogo. Nimeyasema haya yote kwa utulivu. Binti, ambaye ana miaka kumi na miwili na hana huruma, anadai nilikuwa napiga kelele.

Mke kakata shauri kama anavyokata darasani. Jumamosi magari yote mawili yatapanda mlima wa machimbo ya mawe, yakiwa na watu na mizigo. Litakalofika juu na kurudi bila visa ndilo litakalosafiri. Subira akishindwa, jirani mfuga kuku atamchukua. Jirani ameshaomba mara mbili. Anataka bodi tu, aifanye banda.

Nimefungua jalada jipya. Kichwa: Uteuzi wa Gari la Safari. Nimeligonga muhuri wa SIRI.

Jumanne, 4 Julai

Asubuhi nimempeleka Subira kwa Fundi Kesho. Ana jina lake la kweli ila hakuna anayelijua. Muulize gari litakuwa tayari lini, utajua hili la pili kalipataje. Nimemkuta chini ya lori, inaonekana miguu tu. Nikaongea na miguu.

Nimesema sina mengi. Sitaki rangi, sitaki redio. Nataka gari livute, basi. Livute mpaka watu washike vichwa. Miguu ikauliza livute kiasi gani. Nikasema hata likipewa nyumba, liivute. Miguu ikafikiri kidogo, ikasema hakuna shida, kesho.

Nimetembea hadi ofisini nikipiga mluzi. Raha iliyoje kumweleza mtu haja yako kwa neno moja na akakuelewa. Shemeji ajiandae.

Jumatano, 5 Julai

Fundi kasema kesho.

Siku isipotee bure. Mbinu ya pili: mama mkwe. Ukimpata mama mkwe umeipata nyumba nzima. Nimemkuta sebuleni anafuma fulana. Nikamwamkia, nikauliza hali ya magoti, nikavuta kiti. Nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba magari haya mapya yana kiyoyozi kinachoingia hadi kwenye mifupa. Kwamba viti vyake ni vya ngozi, vinateleza, mtu mzima anaweza kumaliza safari akiwa sakafuni. Na kwamba gari la shemeji lina mwanamke ndani.

Hili la mwisho ni kweli. Gari limetoka nje na lugha yake. Ukiliwasha, mwanamke anaongea kwenye dashibodi, kwa upole kabisa, lugha ya huko lilikotengenezwa. Hakuna anayemwelewa. Shemeji anajidai anamwelewa.

Mama mkwe kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema asante baba kwa kunijali. Kisha kampigia shemeji simu alete gari, ajionee mwenyewe.

Kajionea. Yule mwanamke kaongea, mama mkwe kamwitikia marahaba. Kiti kikampasha mgongo joto. Wamezunguka mtaa mara moja, wakarudi, akagoma kushuka. Chakula cha jioni kapelekewa garini, na sahani nimeibeba mimi. Shemeji kanikonyeza. Nimejipalia makaa kwa mikono yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Julai

Subira yuko tayari. Afadhali asingekuwa.

Nimemzunguka mara mbili kabla ya kuona. Nyuma, chini ya namba, imechomelewa kulabu. Si kulabu ya kutundikia koti. Ni pande la chuma nene kama mkono wangu, na mnyororo mrefu umefungwa hapo kwa waya. Nikauliza hii ni nini. Fundi kafuta mikono, kaniangalia kama mke wangu anavyowaangalia watoto wa dawati la nyuma. Kasema ni ya kuvutia. Si nilitaka gari livute? Sasa litavuta. Hata nyumba, kama nilivyoagiza.

Nikamfafanulia kwamba gari kuvuta maana yake ni kuwa na nguvu, kupanda mlima bila kulalamika. Kasema ningesema hivyo. Yeye mwenyewe alishangaa, gari la umri ule kutaka kazi hiyo, ila mteja ni mteja. Na injini? Hakuigusa. Injini haina tatizo, kasema, mwenye tatizo ni mimi. Nikamwambia basi aing'oe kulabu yake. Kasema kesho.

Nimeendesha hadi nyumbani mnyororo ukigonga lami. Binti kauliza kama siku hizi tunalima. Jirani mfuga kuku katoka na futi kamba, kapima urefu wa paa, kasema kulabu haimsumbui, atatundikia ndoo ya maji. Mke katoka mlangoni. Kaiangalia kulabu, kaniangalia mimi, kaingia ndani.

Jicho lile limeniuma kuliko kusemwa. Nimebaki garini peke yangu kidogo. Sitaki kufika kwa dada yake nikiwa abiria, nimeshika kikapu. Nataka nimfikishe mimi, kwa mkono wangu, kama nilivyosema siku ile mbele ya wazee wake.

Ijumaa, 7 Julai

Nimepata! Nilikuwa kwenye ngazi za masjala na majalada kumi na manne kifuani, nahema. Nikayaweka chini saba, nikapanda kama kijana. Yaani jawabu nalibeba kila siku na silioni. Uzito. Kama Subira hana nguvu za kuongezwa, basi apunguziwe mzigo.

Saa ya chakula nimemwegesha nyuma ya ofisi, nikamvua kitu kimoja kimoja. Tairi la akiba. Jeki. Spana zote. Dumu la mafuta ninalotembea nalo miaka yote, mpaka watu hunitania kwamba nalala nalo. Vyote nimevipandisha masjala na kuvipanga rafu ya majalada yaliyofungwa, ambako hafiki mtu labda kuwe na kesi. Kwa mazoea nimevipa namba. Mnyororo haukutoka. Katika maisha yake Fundi Kesho kafunga kitu kimoja kikafungika, nacho ni waya ule.

Jioni mke kagawa mizigo mwenyewe, sawa kwa sawa, hakuna wa kulalamika. Shemeji kaja na gari limeoshwa mpaka linaumiza macho. Kwenye kioo cha nyuma kabandika herufi za dhahabu: HERI. Kasema gari la maana lazima liwe na jina. Nikamuuliza, kwa wema, kama ametia mafuta ya kutosha kwa mlima ule. Kacheka. Kasema gari lake halinywi mafuta, linanusa tu.

Nalala na matumaini.

Jumamosi, 8 Julai

Lazima niandike haya mikono ikiwa bado na vumbi.

Tumeondoka saa tatu. Shemeji mbele na gari lake, kambeba mama mkwe na mke wangu. Mimi na binti na masanduku ndani ya Subira. Nikazungusha ufunguo, tukangoja kidogo, akawaka. Chini ya mlima wenzetu walikuwa wameshapotea kwenye kona, tukabaki kula vumbi lao. Gia ya pili. Gia ya kwanza. Tukapitwa na mtu mwenye baiskeli. Alikuwa anaisukuma.

Binti kanishika bega, kasema baba usijali, kuku nao wanahitaji nyumba nzuri.

Kona ya tatu tukawakuta. Wamesimama katikati ya mlima. Shemeji kanyanyua simu juu anatafuta mtandao. Mama mkwe yuko kwenye kiti chake hana habari. Na yule mwanamke wa dashibodi bado anaongea, kwa upole uleule.

Mke ndiye kanieleza. Tangu chini ya mlima mwanamke alikuwa anarudia maneno yaleyale, na kitaa kidogo cha njano kinawaka. Mara ya kwanza mke kauliza anasema nini, shemeji kajibu anatukaribisha mlimani. Mara ya pili, anamsifu dereva. Mama mkwe kila mara anaitikia marahaba. Mara ya tatu gari likazima, mwanamke hakuzima. Ndipo mke kainama kukiangalia kile kitaa. Kina picha ya pampu ya mafuta. Gari lilikuwa limemaliza hata cha kunusa.

Shemeji kanijia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, ya adabu. Kaomba dumu langu. Mke kasema naam, dumu, kwa mara ya kwanza litatufaa. Wote wakanitazama. Nikasema nimeliazimisha. Kwa nani? Kwa ofisi. Mke kafumba macho.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Mahali pale hapapiti gari Jumamosi, jua linapanda, na mama mkwe kashaanza kuuliza chai. Ndipo binti kaupiga teke mnyororo. Kauliza kwani hii kulabu ni ya nini.

Tukampitisha Subira mbele. Mnyororo ukafungwa. Nikaingia gia ya kwanza, nikamwambia, mama, usiniaibishe mbele ya wakwe. Akakohoa. Akatoa moshi. Akatetemeka mpaka kioo cha pembeni kikageuka kuniangalia. Nikangoja. Kisha akaondoka, taratibu, gari jeupe nyuma yake, hatua kwa hatua mpaka langoni mwa machimbo, juu kabisa. Mlinzi wa lango kasimama kwenye kiti chake ili aone vizuri.

Mama mkwe hatimaye kashuka. Kaliangalia gari la mbele. Kaliangalia la nyuma, kalizunguka, kazisoma zile herufi za dhahabu kwa kidole. Kisha katangaza, polepole, kwamba subira yavuta heri.

Mke wangu kacheka mpaka kakaa juu ya jiwe. Kila akinyamaza anaitazama kulabu, anaanza upya. Sijamsikia akicheka hivyo kwa miaka. Mwisho na shemeji kacheka, angefanya nini.

Kurudi, mke kapanda kwangu, kiti cha mbele. Kaweka mkono juu ya dashibodi ya Subira na kasema Jumatatu asubuhi tunaondoka. Basi, hakuongeza. Macho yakanilowa, nikasingizia moshi. Nilikuwa na furaha, na sioni aibu kuiandika.

Tumepita mbele ya gereji tukiwa tumefungana vile. Fundi Kesho katoka chini ya lori mzima mzima, kasema si ulisema livute? Jirani mfuga kuku kakunja futi kamba yake.

Jumatatu, 10 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi. Mizigo imepakiwa. Shemeji nyuma, kikapu mapajani. Mama mkwe kando yake, kashaagana na yule mwanamke wa garini. Binti kabanwa katikati. Mke mbele, kavaa miwani ya jua ingawa jua halijatoka. Usukani wangu.

Jana kutwa nimetafakari ushindi huu, maana mtu asipojifunza kwa yaliyompata, atajifunza lini? Shemeji anasema ni bahati. Fundi anasema ni kulabu. Mama mkwe anasema ni subira. Wote wamekosea, nimewaacha tu. Ni wepesi. Gari lisilo na tairi la akiba wala jeki limevuta gari jingine zima mlimani. Sasa kilomita elfu moja na mia mbili si zinataka wepesi zaidi? Alfajiri nimetoa na pampu ya upepo.

Mke kauliza, akifunga mkanda, kama tairi la akiba lipo. Nimemwambia kila kitu kiko mahali pake, na sijamdanganya. Liko masjala, rafu ya majalada yaliyofungwa, namba kumi na saba. Ufunguo wa masjala nimeubeba mwenyewe, usije ukapotea.