Fundi Ameitika Kutoka Juu ya Jikoni Yangu

Leo nimejichoma mbele ya watu. Sikuchomwa na mtu. Nimejichoma mwenyewe, kwa biro ya buluu, na mwandiko mzuri.

Kwa wale hawajui, mimi ndiye karani wa kontrakta anayejenga madarasa mawili ya nasari ya kaunti hapa Burat. Kazi nilipewa kwa sababu mbili: nimemaliza kidato cha nne, na boma langu limepakana na saiti. Ni ua wa miiba tu unatutenganisha. (Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika Isiolo mjini naona kama nimehama nchi.)

Kazi yenyewe ni kujaza masta roli: nani amekuja, ni fundi ama ni kibarua, analipwa ngapi kwa siku. Hii ni pesa ya umma. Fundi alipwe kama fundi, na mtu asilipwe siku ambayo hakufanya kazi. Hizo sheria niliwasomea wafanyakazi kwa sauti, mimi mwenyewe. Mara mbili!

Sasa, juzi upepo ulinibebea mabati matatu ya jikoni. Jana jioni nikamwita Lokwang, fundi wetu wa paa.

"Lokwang ndugu yangu, kesho unipigilie mabati kidogo."

"Na kazi ya saiti, Mama Kendi?"

"Hiyo niachie mimi."

Nikakaa na chai yangu, nikajaza masta roli ya leo kabla leo haijafika. Watu kumi na wawili, wote wapo. Lokwang, fundi, yupo. Mimi ningemlipa sahani ya githeri, mshahara utoke kaunti. (Akili nyingi!)

Saa nne asubuhi, gari la kaunti hilo. Akashuka mama mpole, miwani puani. Mkaguzi! Na huyo asipotia sahihi leo, kesho hakuna mtu analipwa. Nikavaa viatu mbio, nikafika saiti nikiwa nimekumbatia masta roli kama Biblia.

"Wote wako kazini?"

"Wote, madam." (Ulimi! Si ungeniuliza kwanza?)

"Sawa, wacha niite majina."

Akaita Abdi, akaitika. Akaita Mwenda, akaitika. Mimi naomba mvua. Naomba gari lake lipate pancha. Naomba hata ndovu atokee.

"Lokwang!"

Nikadakia mimi.

"Madam, huyo ameenda tu chooni, sasa hivi ana..."

"Niko, madam!"

Sauti imetoka juu. Tukageuka wote. Ng'ambo ya ua, juu ya jikoni yangu, Lokwang amesimama wima, nyundo mkononi. Ametema misumari ndio aitike vizuri! Akapunga mkono kwa heshima. Mtu mwaminifu sana. (Sitamsamehe.)

"Hiyo pia ni nasari?" madam akauliza.

"Hapana, madam. Hiyo ni jikoni," nikajibu.

"Ya nani?"

Watu kumi na mmoja wakaangalia viatu vyao. Mimi nikaangalia vyangu. Nimevaa raba moja na kandambili moja. Madam naye akaviangalia, akapata jibu lake.

Akapiga mstari mwekundu juu ya jina la Lokwang. "Hawa kumi na mmoja nawatilia sahihi, wasilale njaa kwa sababu yako. Huyu leo ni mfanyakazi wako. Mlipe."

"Nimempikia githeri, madam."

"Githeri haina nafasi kwa fomu. Umeandika mwenyewe kwamba ni fundi. Mlipe siku nzima ya fundi."

Nimelipa. Lokwang amehesabu, ameshukuru, halafu akaulizia githeri.

Kontrakta naye amepiga simu. Sijafutwa, lakini kuanzia kesho masta roli nitaijazia saiti, saa moja asubuhi, nikiwa nimesimama kwa jua. Mimi, mtu wa nyumbani!

Nikapita kwa jirani yangu Mama Halima, anayewauzia wafanyakazi chai pale langoni. Alikuwa ameona yote. Nikadhani nitapata pole. Akanimiminia kikombe, akaniangalia kutoka raba mpaka kandambili, akasema:

"Mama Kendi, wenzako wakiiba wanaficha. Wewe umempandisha shahidi juu ya paa, ukampa na nyundo."